Chupa Isiyo na Dume

Mimi ni mtu wa kushtuka. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimeshtuka, na kwamba mkunga alinipigapiga mgongoni si ili nilie, bali ili ninyamaze. Lakini kwa kazi niliyokuja kuifanya Kibaha hata mwenye moyo wa jiwe angeshtuka, kwa hiyo sioni sababu ya kumwomba mtu radhi.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati kila mtu alikuwa ndugu na kila ukuta ulikuwa na neno kilimo. Nilikuwa nimetoka chuoni, nikapangiwa maabara ya wadudu katika kituo kimoja cha utafiti wa mazao. Mkuu wa maabara alikuwa mzee wa Kilutheri kutoka bara, mtu wa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, aliyekuwa akiinamisha kichwa na kusali hata kabla ya kunywa chai ya rangi. Siku ya kwanza aliniita kwenye hadubini yake.

"Ndugu, unaona nini?"

Niliona kitu cha rangi ya asali, kimepanuka chini na kuchongoka juu, kimelala katikati ya kioo. Nikamwambia naona kama ufunguo.

"Hicho ni kiungo cha uzazi cha dume," akasema, kwa sauti ileile aliyosalia chai. "Kazi yako itakuwa kuvitazama hivyo."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akinitania. Alinikalisha akanieleza, na nitaeleza kama alivyonieleza. Kuna vinyigu vidogo mno, ukiviweka juu ya karatasi utasema ni vumbi lililopata miguu. Havimuumi mtu. Kila kimoja hutafuta yai la mdudu mharibifu, mathalani la yule nondo ambaye watoto wake ni funza wa mabua, kikalitoboa na kutaga yai lake ndani ya yai la mwenzake. Yai lile hugeuka jeusi. Badala ya funza kutoka humo kwenda kula hindi la mtu, hutoka kinyigu kingine. Mkulima hapigi dawa, hatumii hata senti. Lakini vinyigu hivyo ni vya aina nyingi, aina moja inafaa huku, nyingine inafaa kule, na kwa sura vyote ni vilevile. Kinachotofautisha aina moja na nyingine ni umbo la kile kiungo cha dume. Majike hayasemi kitu. Ukitaka jina, tafuta dume.

Nilitoka nje nikasimama ukutani nikiwa nimeushika mdomo wangu. Mimi, binti wa Kiislamu kutoka Kisarawe, niliyefundishwa kutazama chini hata ninapompa mjomba maji ya kunawa! Jumamosi nilipokwenda nyumbani mama aliniuliza wanataka nini kwangu huko Kibaha.

"Natazama wadudu, mama."

"Unawatazama nini?"

"Afya yao."

Mama aliridhika. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi, na alikuwa na sababu. Alizaa mabinti wanne mfululizo, mimi wa mwisho. Nilipozaliwa, baba aliingia chumbani, akafunua khanga, akatazama, akaifunika tena. Hakugomba. Aliondoka baada ya arobaini, akaoa Kongowe, na huko mke mwenza wa mama akamzalia wavulana mmoja baada ya mwingine. Mama alibaki na sisi na jembe. Wanawake wa pale kwetu hawakumsema usoni. Walimsema kwa kumwonea huruma, na mama huruma ile aliichukia kuliko matusi.

Serikali ilipotuhamishia kijiji cha ujamaa, mama alipewa nyumba kwenye mstari na kipande kwenye shamba la bega kwa bega, kila kaya kipande chake, mahindi yote yakiwa yamepandwa siku moja kama wanafunzi kwenye gwaride. Funza wa mabua nao walikuja siku moja. Mwaka ule vipande vya majirani vilitobolewa mpaka mahindi yakakatika viuno. Cha mama kilisimama. Si kwamba hakikuguswa, la, lakini kilisimama, mpaka watu wakaanza kunong'ona kwamba ana dawa yake ya kienyeji. Nilipita humo na lenzi yangu ya mkononi, na chini ya majani ya mahindi ya mama nikakuta mayai ya nondo yamepangana kama magamba ya samaki, na karibu yote meusi.

Jamani, nilipiga kelele. Mama alikuja mbio na jembe akidhani ni nyoka.

Nilikata vipande vya majani, nikavitia kwenye chupa, nikaifunga mdomo kwa kitambaa cha marekani na kurudi navyo Kibaha. Baada ya siku chache vumbi lenye miguu lilianza kutambaa kwenye kioo. Nikalisha kizazi hicho kwa mayai ya nondo wa nafaka, tuliokuwa tukiwafuga kwenye ngano, nikapata kizazi kingine. Nikaanza kutafuta dume. Dume unamjua hata kabla ya kufika kwenye lile jambo lenyewe, kwa sababu vipapasio vyake vina nywele ndefu, na vya jike vimenona ncha bila nywele. Nilitafuta asubuhi, nikatafuta mchana. Wote majike. Nikasema labda madume yanakufa mapema. Nikangoja kizazi kingine, nikakaa mbele ya chupa tangu wa kwanza anatoka. Majike. Kizazi kingine tena, majike, na hakuna aliyewahi kukutana na mume, na wote wanataga, na mayai yote yanageuka meusi.

Nilikwenda kwa mkuu mbio, chupa mkononi. Yeye hakushtuka. Alisema imewahi kuandikwa kwamba wapo wa namna hiyo, majike wanaozaa majike wenyewe kwa wenyewe. Kilichomsumbua kilikuwa kingine.

"Hatutaweza kupata jina," akasema. "Wataalamu wa ng'ambo watanirudishia. Watasema leta dume."

"Lakini vinafanya kazi, mzee. Shamba la mama limesimama."

"Vinafanya kazi, lakini ni nini? Nikiandika barua wizarani, niseme nimepata nini? Kitu?" Alikuwa amekasirika, ila si na mimi. "Chumba cha ubaridi wanakitaka kwa vinyigu vitakavyoletwa kutoka nje, vyenye jina na maelezo. Rafu zote zisafishwe. Kisicho na jina hakina rafu."

Wenzangu walianza kusafisha siku ileile. Vizazi vyangu vya majike vilimiminwa kwenye maji ya moto mbele ya macho yangu. Nilibaki nimekumbatia chupa moja, na sauti yangu ilinishtua mwenyewe nilipomwambia mkuu kwamba hii siitoi. Alivua miwani. Akasema nina likizo ambayo sijaichukua, niichukue, na chupa yangu niende nayo, akabaki anafuta miwani.

Basi nikapanda basi na chupa mapajani, Kibaha mpaka Dar, Dar mpaka Kisarawe, nikiikinga jua kwa khanga. Kilikuwa kipupwe, na vilimani kwetu kipupwe si mchezo kwa mtu wa pwani. Mama alinipokea, nikamwamkia, akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye chupa.

"Umeleta samli?"

Nikaona nimwambie yote. Nikamwambia hivi ndivyo vilivyolinda shamba lake, kwamba vyote ni majike, na kwamba vinazaa bila dume.

Mama alikaa chini kwenye kigoda. "Astaghfirullah," akasema. "Aliyezaa bila mume ni Bibi Mariamu peke yake. Wewe unaniambia mdudu?"

"Mdudu, mama."

"Na baba zao?"

"Hawana."

Akaniuliza tatizo liko wapi, maana kama vinazaa na vinakula adui wa mahindi, wenye kituo wanataka nini zaidi? Nikamwambia bila dume haviwezi kupewa jina, na bila jina vitatupwa. Nilishindwa kumwambia jina linasomwa wapi kwenye mwili wa huyo dume. Niliishia kusema "lina alama". Hata hivyo uso wa mama ulikuwa umebadilika.

"Kwa hiyo wanatupwa kwa sababu hawana mtoto wa kiume," akasema.

Nilisema ndiyo, ni kama hivyo.

Tangu hapo chupa haikuwa yangu. Mama aliichukua akaiweka chumbani kwake, karibu na kitanda. Chakula hakikuwa shida, kwani mahindi yake ya akiba yalikuwa yamejaa nondo wa nafaka, aibu aliyoificha kila mgeni alipokuja, na mimi nikazichambua zile punje kwa furaha kutafuta mayai mpaka akacheka. Nilibandika mayai kwenye vipande vya karatasi kwa gundi ya ugali mwepesi, nikavitia chupani, nayo mayai yakageuka meusi kama kawaida. Lakini asubuhi kulikuwa na baridi, na vinyigu vilikuwa vinajikunyata chini ya chupa bila kutembea. Mama aliviona.

"Vichanga hivi vitakufa kwa baridi," akasema.

Kwetu chumba cha mzazi hakiachwi bila moto. Mwanamke akijifungua, jiko la mkaa huwekwa karibu na kitanda, mama anakandwa kwa maji ya moto, na mlango unafungwa upepo usipite mpaka arobaini iishe. Mama alikuwa amewahudumia hivyo wanawake wengi wa kijiji. Alileta jiko, akaweka makaa yaliyokwisha moshi, akafunika dirisha kwa khanga nzito, akaisogeza chupa mahali ambapo mkono wake ulimwambia panafaa. Ukiingia chumbani jasho linakutoka. Vinyigu vikachangamka na kukimbia kwenye kioo. Nikamshukuru. Niliona ameokoa chupa, na nikaenda kuchota maji na kusalimia ndugu kama mtu mwenye likizo kweli.

Kizazi kikapita, kikaja kingine, moto haujazimwa. Asubuhi moja nikachukua lenzi kwa mazoea tu, kama mtu anavyopapasa mfuko anaojua hauna kitu. Nikaona nywele.

Nikatazama tena. Vipapasio vyenye nywele ndefu. Nikatazama mwingine, nywele. Jike, jike, halafu nywele tena. Nilipiga ukelele ambao hata wa siku ya shamba haukufika, na mama akaingia na mwiko mkononi.

"Dume, mama! Kuna madume!"

Sikutegemea alichokifanya. Mama yangu, ambaye sikumbuki kama nilipata kumwona akicheza harusini, aliweka mwiko chini, akatia mkono mdomoni akapiga vigelegele. Alipiga vya mtoto wa kiume, vile virefu ambavyo kwetu ukivisikia unajua bila kuuliza. Majirani wakatoka nje kuuliza nani amejifungua. Mama akawajibu kutoka dirishani, "Kwangu! Kwangu amezaliwa mwanamume!" Huku machozi yanamtoka. Niliona haya, nikafurahi, na nikaogopa kidogo, vyote pamoja. Sikujua alikuwa na vigelegele vile ndani yake, wala vilikaa humo tangu lini.

Niliwatia madume kadhaa kwenye kichupa cha spiriti nikapanda basi la kwanza. Mkuu alikuwa akinywa chai. Hakuimaliza. Alimlaza dume mmoja kwenye kioo, akasafisha, akainama kwenye hadubini, akakawia mpaka nikadhani anasali.

"Sijapata kuuona ufunguo huu," akasema. "Popote. Huu si wa vile vya kutoka nje." Akanyanyua kichwa, macho yamemtoka. "Ndugu, hawa wanaweza kuwa hawajapata jina duniani. Tutawapeleka ng'ambo leo hii. Na rafu yako ipo, chupa irudi. Umewapataje?"

Nikamweleza, nikicheka, habari ya mama na jiko la mzazi.

Mkuu hakucheka. Alisukuma kikombe pembeni. "Amewapa joto? Vizazi vyote hivyo?"

"Ndiyo, mzee. Mchana na usiku."

"Mwambie azime," akasema. "Nenda sasa hivi. Nilisoma mahali. Wa namna hii wakipata joto jingi huanza kuzaa madume, na wakishaanza, ukoo hukatika. Nenda, binti, usingoje hata chai."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita binti, nikajua mambo yameharibika. Njia nzima nilikuwa nikimsihi dereva moyoni. Nilipofika nyumbani mlango wa chumba ulikuwa umefungwa, na joto lilinipiga usoni kama nimefungua tanuri. Mama alikuwa ameongeza mkaa. Nani asingeongeza? Mtoto wa kiume amezaliwa. Alikuwa ameizungushia chupa khanga yake mpya, ile aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya Idi.

Nilichukua jiko nikalitoa nje kwa mikono, likaniunguza, nikafungua dirisha. Kisha nikashika lenzi. Kizazi kipya kilikuwa kimetoka asubuhi ile. Nywele. Nywele. Nilizungusha chupa mara ngapi sijui, nikitafuta kipapasio kimoja tu kilichonona ncha. Madume watupu, wamejaa, wanakimbia kwenye kioo, wazuri, hawana pa kwenda. Chini kulikuwa na majike wachache wa kizazi kilichopita, wazee, wakivuta miguu. Madume walijaribu kuwapanda na majike wakawakwepa. Walikuwa wametoka kwenye ukoo ambao haukujua mume kwa muda mrefu mno, hawakujua la kufanya naye. Niliwatilia mayai mapya, nikaitia chupa kwenye ubaridi wa mtungi, nikangoja. Mayai hayakugeuka meusi. Yalipasuka yakatoa funza wa nondo, wazima, wanene.

Mama alisimama mlangoni siku zote hizo bila kuniuliza. Mwishowe aliuliza.

"Ni moto?"

Ningeweza kumdanganya. "Ni moto, mama."

Alifungua khanga kwenye chupa, akaikunja, akairudisha sandukuni. Chupa aliiosha kwa maji na majivu akaianika juani. Nilikimbilia shambani, lakini mahindi yalikuwa yamevunwa, na mabua, kwa ushauri ule ule tuliokuwa tukiwapa wakulima ili kuua funza, yalikuwa yamechomwa moto kijiji kizima. Nilisimama kwenye majivu na lenzi yangu kama mwehu. Msimu uliofuata nilipata mayai meusi, na uliofuata pia. Humo walitoka vinyigu wa kawaida, dume na jike, wenye majina yao ya siku nyingi. Wale wa mama sikuwaona tena. Miaka mingi baadaye watu walikuja kueleza kwamba ndani ya majike wa aina ile huishi vijidudu vidogo zaidi, ndivyo vinavyowafanya wazae wenyewe, na joto huviua. Nilipolisikia hilo nilishtuka upya, lakini nani angenieleza siku ile?

Jina lilikuja baada ya mwaka. Mkuu alikuja mezani kwangu amelishika kwa mikono miwili. Maneno mawili ya Kilatini, aina mpya, ya kwanza kuonekana, imepatikana Kisarawe. Wale wa ng'ambo waliomba tuwapelekee hai. Mkuu aliinama akaegemea rafu yangu, ile aliyoniachia, iliyokuwa tupu.

Nilipeleka habari nyumbani. Kipupwe kilikuwa kimerudi, na mama alikuwa jikoni akipukuchua mahindi. Nikamtamkia lile jina. Alijaribu kulifuatisha akaliacha katikati.

"Na bila yule dume wasingewapa jina?"

"Wasingewapa, mama."

"Na dume alipokuja, nyumba ikaisha."

Alipukuchua mpaka gunzi likabaki tupu mkononi, akaliangalia.

"Baba yako alipoondoka sikumwombea mabaya," akasema. "Nilikuwa namwona ana haki. Miaka yote hii nawatazama nyie wanne, mnakula, mnasoma, mnaolewa, na moyoni naona kuna mmoja hajafika. Nilikuwa nangoja mtu, nami sina hata mume wa kunizalisha. Ndiyo maana siku ile nilipiga vigelegele kama mwendawazimu." Akatupa gunzi motoni. "Kumbe tulikuwa tumetimia."

Nimesema mimi ni mtu wa kushtuka. Hakuna kilichonishtua kama hicho. Nilikuwa nimeishi kwenye nyumba ile tangu nizaliwe, nikala sahani moja na mama, na sikujua kwamba kila alipotuhesabu alikuwa akituona pungufu. Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye, nikachukua hindi, tukaendelea kupukuchua.